Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Wakimbizi, Lilongwe: Google Haiwezi Kuonyesha Kisichoandikwa

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Naomba ofisi yako, kila inapotoa tangazo linalotuhusu, iliweke pia kwa Kiswahili kwenye tovuti ya serikali. Ombi ni dogo. Sababu zake ndizo zilizonifanya niandike hadharani.

Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini kufikia katikati ya Aprili. Agizo kama hilo huzaa maswali. Mwenye duka Lilongwe atauliza kama kibali chake bado kina nguvu. Mzazi atauliza mtoto amalizie wapi muhula. Wengi wetu, Wakongo na Warundi, huyauliza hayo Google kwenye simu, kwa Kiswahili. Akosaye la mama hata la mbwa huamwa: jibu la ofisi lisipopatikana, husomwa la yeyote, hata la tapeli anayeuza nafasi ya kwenda Kanada, ilhali shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, husema wazi kwamba huduma zake ni bure.

Utaambiwa Google inapambana na matapeli. Ni kweli. Machi 2024 ilibadilisha namna inavyopanga majibu, ikakataza kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu kuvuta wasomaji, na pia mchezo wa kununua anwani za tovuti zilizoachwa ili kujificha nyuma ya sifa zake za zamani. Baadaye ikatangaza kuwa imepunguza kurasa zisizo na manufaa kwa asilimia 45. Lakini Google huchagua katika yaliyokwisha kuandikwa. Kwa Kiingereza, ukurasa mbovu ukishushwa, mzuri hupanda mahali pake. Kwa Kiswahili, kuhusu taratibu za ukimbizi Malawi, maandishi ni haba. Ukimwondoa tapeli wa kwanza, anayefuata huenda akawa mwenzake.

Tena mabadiliko ya aina hiyo hayawaachi salama hata walio wema. Baada ya yale ya Septemba 2023, wenye tovuti ndogo katika nchi mbalimbali walilalamika kupoteza wasomaji ghafla. Kijana wa hapa kambini anayejitolea kutafsiri matangazo hawezi kubebeshwa kazi ya ofisi: leo ukurasa wake unaonekana, kesho umezama.

Kwa hiyo tangazo liwe maandishi, si picha ya barua yenye muhuri. Maneno yaliyo ndani ya picha hayatafutiki kwa urahisi, na picha hula bando. Liwe na tarehe, na likibatilishwa liseme hivyo palepale. Anwani yake isibadilike, wala isiachwe iishe muda ikaangukia mikononi mwa wengine. Watafsiri wapo kambini, na redio yetu ya jamii, Yetu, inaweza kuyasoma maneno yaleyale hewani.

Tuanze na ukurasa mmoja tu, unaotaja huduma zipi ni bure, anayedai hela aripotiwe wapi, na ni dirisha gani linalojibu maswali. Huo ukiwepo, Google itakuwa na kitu cha kutuonyesha.

Wako,
Mkazi wa Dzaleka, Dowa