Kinanda cha Askari Aliyelemaa

Wiki hii tunazungumzia kinanda ambacho mwenye kukipiga hakulazimika kujua muziki hata kidogo. Kilienea katika barabara za miji ya Ulaya wakati wa karne ya 19, na huko Austria na Ujerumani kilihusiana sana na watu wa jeshi. Askari aliyerudi vitani akiwa amepoteza mguu aliweza kupewa kibali cha kuzungusha kinanda njiani na kupokea sarafu za wapita njia. Kwa wengi kibali hicho kilishika mahali pa pensheni. Mwaka 1924 mwandishi Joseph Roth alitoa riwaya, Die Rebellion, juu ya askari mwenye mguu mmoja aliyeishi kwa kibali cha namna hiyo hata akanyang'anywa na polisi.

Kazi hiyo ilimfaa mlemavu kwa sababu ya jinsi kinanda kilivyoundwa. Ndani ya sanduku mlikuwamo gogo la duara lililopigiliwa vijisumari vingi mno. Mkono mmoja wa kuzungushia ulifanya kazi mbili pamoja: kuvuta mivukuto ya hewa na kulizungusha gogo. Kijisumari kilipopita chini ya kitufe, kilikiinua, mlango wa hewa ukafunguka, na filimbi ikalia. Palipotakiwa sauti ndefu, palipigiliwa kipande cha waya badala ya msumari. Ili kubadili wimbo, gogo lilisukumwa kando kidogo tu.

Hata hivyo gogo moja lilibeba nyimbo chache, aghalabu zisizozidi kumi hivi, na gogo jipya lilikuwa ghali. Maskini yule alirudia nyimbo zile zile mwaka hata mwaka, majirani wakachukia. Mjini London mwanahisabati Charles Babbage aliwapiga vita hadharani, na mwaka 1864 Bunge likatunga sheria ya kuwadhibiti wapiga muziki wa barabarani. Kwa maoni yangu, lawama kubwa ilistahili gogo kuliko mtu.

Dawa ya gogo ilipatikana Paris. Mwaka 1892 Anselme Gavioli, wa ukoo wa mafundi waliotoka Modena, Italia, alipata hataza ya kinanda kinachosoma kitabu cha kadibodi kilichotobolewa matundu. Wafumaji wa hariri wa Lyon walikuwa wametumia kadi zenye matundu tangu mwanzoni mwa karne hiyo. Sasa wimbo uliweza kuwa mrefu upendavyo, na wimbo mpya ulikuwa kitabu kipya tu. Vinanda vya viwanja vya sikukuu navyo vikawa vikubwa, vingine vya vitufe 110, vikiwa na sanamu zinazogonga kengele na sauti ya kushinda injini za mvuke zilizozungusha farasi wa mbao.

Asiye na mtaji je? Mjini Amsterdam, mwaka 1875, Leon Warnies alianza kukodisha vinanda, na mzungushaji hakuhitaji tena kununua chake. Hata leo vinanda vya namna hiyo husikika katika barabara za Uholanzi, na katika jumba la makumbusho la Speelklok mjini Utrecht hupigwa mbele ya wageni.