Zima, Halafu Washa

Mdogo wangu alinipigia saa mbili usiku, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi. Dirisha lilikuwa linafungwa saa sita. Yeye yuko nyumbani Tabata, mimi niko Dodoma kwenye kibanda cha chipsi, nasubiri sahani yangu.

"Kaka, waifai imeshika vizuri tu lakini kurasa hazifunguki. Halafu inaandika kwamba saa—"

"Zima, halafu washa," nikasema. "Chomoa kabisa kwenye umeme, hesabu mpaka thelathini."

Sikumwacha amalize. Mimi ndiye mtu wa IT wa ukoo, na mtu wa IT wa ukoo huwa anajua jibu kabla ya swali.

Akachomoa ruta, akahesabu. Akachomoa kompyuta, akahesabu. Akapiga huduma kwa wateja ya kampuni inayotuuzia intaneti, akasikilizishwa muziki zaidi ya dakika ishirini, kisha sauti ya upole ikamwambia azime awashe. Akaiunganisha kompyuta na intaneti ya simu yake. Yakawa yale yale. Fundi wa mtaani, aliyekuwa anafunga kibanda, akaitazama mara moja na kutoa hukumu: kadi ya waifai imekufa, elfu hamsini. Saa sita ikafika. Fomu ilikuwa imejazwa nusu, vyeti vyote vimo ndani ya mashine ile.

Nilipokwenda nyumbani wiki iliyofuata nilikaa mbele ya kompyuta hiyo, na jambo la kwanza nililoliona ni tarehe kwenye kona ya chini ya kioo: 1 Januari 2012.

Betri kubwa ya mashine ile ilishakufa zamani, inaishi kwa chaja tu. Ndani yake kuna kibetri kingine kidogo cha duara, mfano wa sarafu, ambacho kazi yake ni kuilinda saa wakati kompyuta haina umeme. Nacho kilikuwa kimekufa. Kwa hiyo kila ikichomolewa inasahau mwaka. Na tovuti yoyote inayolinda siri za watu hubeba cheti chenye tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha. Vingine huishi siku 90 tu. Kivinjari hukilinganisha cheti hicho na saa ya kompyuta. Kompyuta inayoamini tuko 2012 inakiona ni cha siku ambayo haijafika, inakikataa, na ukurasa haufunguki. Waifai ilikuwa nzima. Ruta ilikuwa nzima. Kadi ile ya elfu hamsini haikuwa na ugonjwa wowote. Ingekuwa imekufa, ingeshikaje waifai?

Na kivinjari kilishasema. Kiliandika kwa herufi kubwa kwamba saa ya kompyuta iko nyuma. Hiyo ndiyo sentensi niliyoikatisha. Kisha nikamwagiza mdogo wangu achomoe tena na tena, yaani kila mara nilikuwa nairudisha mashine 2012 kwa mkono wake.

Mtasema lakini kuzima na kuwasha kunasaidia. Kunasaidia, na hapo ndipo penye tabu. Ruta iliyochoka inaanza upya, kompyuta inaomba anwani mpya, mambo yanaenda, na hakuna anayejua kilichotokea. Kesho kutwa ni hivyo hivyo. Tulishakatazana kumeza dawa ya malaria kila homa inapopanda. Siku hizi mtu anatobolewa kidole kwanza. Kwa nini kwenye intaneti tumebaki na dawa moja kwa kila homa?

Kipimo chenyewe si kigumu. Simu iliyo kwenye waifai hiyo hiyo inapata? Ikipata, acha kuisumbua ruta, tatizo liko kwenye kompyuta. Anwani ya kompyuta inaanza na 169.254? Basi imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba na kukosa. Haijaongea na ruta, hata kama alama ya waifai inang'aa. Ukiita ruta kwa amri ya ping inajibu, lakini 8.8.8.8 kimya? Hapo una haki ya kupiga simu kwa kampuni na kuwa mkali. Namba inajibu lakini jina la tovuti halifunguki? Kinacholala ni ile huduma inayogeuza majina kuwa namba. Na kuna siku kosa liko mbali kabisa: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Afrika Mashariki nzima iliyumba, na naamini watu wengi waliambiwa wazime ruta zao.

Simlaumu sana yule dada wa huduma kwa wateja. Amewekewa karatasi ya kusoma, na simu nyingine inamsubiri. Ninaowalaumu ni walioiandika karatasi hiyo bila kuweka swali la kwanza ambalo hata muuza duka la dawa analijua: unaona nini? Na sisi wenye ujuzi kidogo, ambao tunaulinda kama hirizi. Tunapenda kuitwa. Tunapenda kushika kipanya, kubofya haraka haraka mtu asione, kisha kusema "tayari" na kupewa soda. Akiuliza tumefanyaje, tunacheka. Anayetucheka siku hizi ni nani, mama zetu? Nimewahi kuketi sebuleni nikisikia mama anaomba radhi, "mimi haya mambo sijui, mwanangu", huku akinisomea kosa neno kwa neno, sahihi kabisa, na mimi simsikilizi.

Kibetri kipya nilikinunua Kariakoo kwa bei isiyofika ya sahani moja ya chipsi. Kukibadilisha kulinichukua nusu saa, muda mwingi ukiwa wa kutafuta skrubu iliyoangukia chini ya kochi. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika tochi ya simu. Hakunitupia neno. Aliuliza tu kama nafasi ile ya kazi inaweza kutangazwa tena mwakani, nami nikamwambia sijui.