Makopo Mezani, Maumivu Palepale

Mwezi huu tunaingia chumbani, ila si kwa yale unayoyafikiria.

Kaka mmoja ameniandikia. Anasema kwenye kijimeza cha kitandani, upande wa mkewe, kuna makopo sita ya virutubisho: vitamini C, vitamini E, vitamini D, mafuta ya samaki, na mawili ambayo hata hajui ni ya nini. Kila mshahara ukitoka, linaongezeka jingine. Na kila mwezi siku zikifika, mkewe anajikunja kama jongoo, kazini anaomba ruhusa, na wakikaribiana usiku anasema anaumia. Daktari alishawaambia ni endometriosisi. Swali la kaka ni moja: haya makopo yanasaidia, au tunaliwa?

Swali zuri. Tuanze mwanzo.

Endometriosisi ni hali ya tishu zinazofanana na zile za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake: kwenye ovari, kwenye mirija, hata kwenye utumbo. Homoni za kila mwezi zikizichokoza, zinavimba na kuwaka, na baadaye zinaweza kuacha makovu yanayoshikanisha viungo vya ndani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ni kama mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, yaani wanawake na wasichana wapatao milioni 190.

Huku kwetu wengi wao wanaambiwa wana chango. Wanachemshiwa mizizi, halafu shangazi anamalizia, "Ukizaa litaisha." Shangazi tunampenda, lakini kuzaa si tiba ya ugonjwa huu. Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, aliteseka tangu usichana wake kabla ya kujitokeza kuusema hadharani. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume, kwa hiyo wanaotafuta mtoto wasikate tamaa. Lakini si ugonjwa wa mchezo. Kule Kenya mtangazaji Njambi Koikai, ambaye kwake ulifika hadi kifuani, aliupigia kelele miaka mingi hadi alipofariki Juni 2024.

Sasa makopo. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 59 waliokuwa na maumivu ya nyonga. Baadhi walipewa vitamini E yuniti 1,200 na vitamini C miligramu 1,000 kila siku kwa wiki nane, wengine vidonge vya bandia. Kati ya waliopewa vitamini, asilimia 43 walipata nafuu ya maumivu ya kila siku. Upande wa pili, hakuna. Inatia moyo, sivyo? Ila watu 59 ni wachache mno.

Halafu kukaja utafiti wa mwaka 2020 kutoka Boston, wa wasichana na wanawake vijana 69. Waliotumia vitamini D kwa miezi sita maumivu yalipungua. Kasheshe ni kwamba waliopewa vidonge vya bandia nao yalipungua, karibu sawasawa! Haina maana kuwa walikuwa wanajidai. Ni kwamba mtu anayefuatiliwa na kusikilizwa, na mwenye tumaini, mwili wake nao unapumua kidogo.

Kwa hiyo, kaka, jibu langu: vitamini si sumu, lakini si tiba ya maumivu. Kama damu inatoka nyingi, mkeo apimwe wingi wa damu, maana huenda anachohitaji hasa ni madini ya chuma, na hayo ameze mbali na chai. Vitamini E ya kiwango kikubwa inaweza kuongeza kutokwa damu, hivyo kama anasubiri upasuaji amwambie daktari. Na mnaotafuta mtoto, angalieni yale makopo mawili msiyoyajua. Vitamini A nyingi ya aina ya retinoli inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kinachotuliza maumivu ni dawa ya maumivu, na wengi tunaimeza vibaya. Dada anavumilia mpaka machozi yamtoke, ndipo anaomba Panadol mbili. Amechelewa. Maumivu ya hedhi husukumwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, na ibuprofeni au diklofenaki huzuia zisitengenezwe. Kwa hiyo anza mapema, mara tu dalili zinapoanza, au hata siku moja kabla kama mzunguko wako unaeleweka. Ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya chakula, ndiyo mwisho bila agizo la daktari. Usiichanganye na diklofenaki. Hao ni ndugu wa tumbo moja. Ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, muulize kwanza mfamasia au daktari. Muulize pia kama mnatafuta mtoto, maana dawa hizi zinaweza kuvuruga kupevuka kwa yai, na ukiwa na ujauzito usizitumie bila ushauri wake. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo si ushamba, inasaidia kweli.

Hayo yote yakigoma, usinunue kopo la saba. Rudi kwa daktari wa wanawake. Kuna vidonge vya homoni, kuna kitanzi chenye homoni, na kuna upasuaji wa matundu madogo kwa kamera. Na kwa ambao bado hawajajua wana nini: utrasaundi kuonyesha "hakuna kitu" haimaanishi unajifanyisha. Mara nyingi ugonjwa huu hauonekani humo, ndiyo maana wengi hukaa miaka kadhaa kabla ya kupata jibu.

Sasa nikugeukie wewe, kaka. Mkeo akisema anaumia wakati wa tendo la ndoa, hakukimbii. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wenyewe. Usinune, usigeukie ukutani. Ongeeni mchana, nguo zikiwa mwilini, kuhusu siku zipi ni nafuu na namna ipi haimuumizi. Nunueni daftari la shuleni, muandike kila siku: maumivu kiasi gani, damu kiasi gani, dawa gani alimeza na saa ngapi. Mkienda kliniki nendeni wawili, na wewe ndiye ushike daftari. Nakuhakikishia, mwanamke aliyechoka kuambiwa "ni kawaida" akimsikia mumewe anamwambia daktari "hapana, si kawaida, nimeona mwenyewe," moyo wake utatulia kuliko kwa kopo lolote la kijimezani.

Anza mwezi huu huu. Mimi nawatakia usingizi mwema, wote wawili. Tukijaliwa, tukutane mwezi ujao.