Mmeelewa? Ndiyooo!

Jamani, leo niacheni niseme. Jambo hili ninalo kifuani tangu Jumamosi na likiendelea kukaa humo nitaugua bure.

Jumamosi nilikwenda Tabata kumsalimia mama mdogo. Binti yake yuko kidato cha kwanza. Nilimkuta mezani na daftari la Kiingereza, mwandiko safi kuliko wangu, kila ukurasa una vema za wino mwekundu na saini ya mwalimu. Akanisomea sentensi aliyoinakili kutoka ubaoni: "I have lived in Arusha for three years." Matamshi mazuri kabisa. Nikamuuliza kwa Kiswahili: huyu mtu hivi sasa anaishi wapi?

Akanitazama kama ananionea huruma. "Dar, kaka."

Kwa nini Dar?

"Si ameishi Arusha, amemaliza miaka yake mitatu, amerudi."

Mwalimu aliwaeleza? Aliwaeleza. Aliwauliza kama mmeelewa? Aliuliza. Mkamjibuje? "Tulisema yes."

Sasa kabla hujamcheka binti wa watu, fikiri kidogo. Kwa Kiswahili, mtu akikuambia "nimeishi Arusha miaka mitatu", mara nyingi unaelewa kwamba alikaa huko na habari hiyo imekwisha. Ambaye bado yuko huko atakuambia "huu mwaka wa tatu niko Arusha". Binti alifikiri vizuri sana, ila alifikiri kwa lugha yake. Kosa lake lina mantiki, na kosa lenye mantiki halionekani kwenye daftari. Ataandika sentensi hiyo hiyo mara mia, apate vema mia, na mtu wa Arusha ataendelea kuishi Dar.

Hiyo "yes" tunaijua wote tuliosoma shule za serikali. Miaka saba umesoma kila kitu kwa Kiswahili, halafu Januari moja unaingia kidato cha kwanza, hisabati, historia, baiolojia, vyote vimegeuka Kiingereza. Mwalimu anasema dakika ishirini, anageuka: "Understood?" Darasa zima: "Yes, sir!" "Any question?" Kimya, unasikia hata nzi. "Very good." Chaki inaendelea. Nilikuwa miongoni mwao, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wenye akili, kwa sababu asiyeelewa ndiye mwenye hofu ya kutazamwa.

Wala si ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 1996 mtafiti wa Afrika Kusini, Keith Chick, alichapisha uchambuzi wa somo la hisabati katika shule ya watoto wa Kizulu enzi za ubaguzi wa rangi. Alionyesha jinsi mwalimu na wanafunzi walivyokuwa wakiitikiana kwa pamoja, kwa mapigo mazuri kama kwaya, kila mtu akionekana yuko kazini na hakuna anayeaibika. Kujifunza kwenyewe kulikuwa kidogo. Neno alilotumia kwa mchezo huo ni mazungumzo ya usalama. Nilipolisoma niliona darasa letu, na kwaya yetu.

Kwa hiyo nasema hivi, na wenye hasira wakasirike: "Mmeelewa?" si swali. Ni ombi la ruhusa ya kuendelea, na mtoto aliyelelewa vizuri hamnyimi mkubwa ruhusa. Halafu tunachora ukutani "Kuuliza si ujinga", na anayethubutu kuuliza anaambiwa "ulikuwa wapi wenzako wakielewa?"

Kuna na kichekesho kingine. Mwalimu akiona nyuso zimekunjamana huuliza: "You don't understand?" Mtoto anajibu "Yes", maana kwa Kiswahili ukiulizwa "hujaelewa?" unajibu "ndiyo", yaani ni kweli, sijaelewa. Kwa Kiingereza alipaswa kusema "No". Mwalimu anasikia "Yes", anafurahi, anafuta ubao. Mtoto amekiri kwa mdomo wake na bado hajasikika.

Nisijifanye mtakatifu. Nilipomaliza chuo, kabla gazeti halijanipokea, nilifundisha Kiingereza miezi kadhaa kwenye kozi ya jioni. Wiki moja nikafundisha "by" na "until". Najua nilichoandika ubaoni, na naona aibu kukiandika hapa: zote mbili niliziwekea "mpaka". Nikauliza "Is that clear?" Wakasema clear. Mmoja wao, kijana aliyekuwa anatafuta kazi ya hoteli, akapata ujumbe kutoka kwa meneja: "I will be in the office by ten." Yeye akaelewa bosi atakuwepo mpaka saa nne. Saa mbili asubuhi yuko getini, shati limepigwa pasi. Mlinzi anamwambia bosi hajafika. Ilipogonga saa nne akaona muda umekwisha, akaondoka zake. Baadaye akaambiwa bosi aliingia saa nne na dakika chache, akamuulizia, akamchukua mwingine. Alikuja darasani jioni ile kunieleza, na alinieleza kwa heshima, kana kwamba kosa ni lake.

Ningefanya nini? Dakika moja tu. Ningechora mstari wa saa ubaoni na kuuliza maswali madogo. Bosi kasema "by ten". Saa nne na robo, nikienda nitamkuta? Ndiyo. Saa tatu na nusu? Labda, hatujui. Akisema "until ten", saa nne na robo nitamkuta? Hapana, pengine ameshatoka. Basi. Hakuna aliyeulizwa kama ameelewa, lakini asiyeelewa angejulikana pale pale. Ndivyo wanavyofundishwa walimu wa Kiingereza kwa wageni kwenye kozi kama CELTA ya Waingereza: uliza juu ya maana, kwa maneno mepesi kuliko sentensi yenyewe, na usilirudie ndani ya swali lile neno unalolipima. "I have lived" inapimwa kwa maswali mawili: alianza kuishi huko lini, na leo yuko wapi? Na ukiona Kiingereza cha swali kinawashinda, uliza kwa Kiswahili! Najua kuna shule zilizowavika watoto kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili. Kibao hicho kilipima utii. Sijaona kilipopima Kiingereza.

Nasikia mtu anasema: wewe mwandishi unaongea tu, njoo ufundishe watoto themanini. Sawa. Themanini wana vidole. Waambie wafumbe macho: anayeona bado anaishi Arusha anyooshe kidole kimoja, anayeona ameondoka vidole viwili. Nusu dakika umeshajua, na hakuna aliyemchungulia mwenzake wala aliyeaibishwa. Halafu ukimuuliza mtoto, subiri. Mmarekani Mary Budd Rowe alipima jambo hili miaka ya 1970, akakuta walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia. Waliposubiri tatu, majibu yalirefuka na waliojibu waliongezeka. Sekunde tatu, jamani. Foleni ya Ubungo ilituzoesha kusubiri zaidi ya hapo.

Mwingine atasema lazima mada ziishe. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya watahiniwa 240,000, sita kati ya kila kumi, walipata sifuri. Tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya, kelele nyingi. Sisemi "Mmeelewa?" ndiyo iliyowaangusha, kulikuwa na uhaba wa walimu, wa vitabu, na mishahara ya kusikitisha. Lakini mtanisaidia kufikiri: hao wote waliulizwa "Understood?" kila kipindi kwa miaka minne, wakajibu yes. Kuna mtu aliyeshtuka kabla ya Februari?

Na sisi wa magazeti tusicheke. Nimekaa kwenye mikutano na waandishi ambapo mtaalamu anasoma kurasa sita za Kiingereza, anauliza kama kuna swali, tunatikisa vichwa kama mabosi. Kwenye ngazi ndipo tunaanza kuulizana: "Hivi yule alikuwa anasemaje?"

Tabata nilichora mstari kwenye daftari, binti akamrudisha mtu wetu Arusha. Kisha akaniuliza: akiandika "She has been to Mwanza", na "She has gone to Mwanza", yuko wapi kila mara? Nikanyamaza sekunde zaidi ya tatu, yeye akasubiri. Walimu mnaopita hapa, leteni mawe yenu, nipo.