Wewe Selebu, Nyasi za Uhuru Park Si Zulia la Sebule Yako

Leo sina udaku wa nani ameachana na nani, huo tutarudi nao Ijumaa. Leo nimekasirika tu.

Kuna selebu mmoja wa hapa Nairobi, jina nalificha kwa sababu mawakili wake wana njaa kuniliko. Wikendi aliposti video akipita Uhuru Park na gari lake (lile la kukodi, tunajua), akasema pale pangewekwa kiingilio cha mia mbili ili "watu wa kulala kwenye nyasi" wapungue na picha zitoke fiti. Mashabiki wakammiminia makopa. Eti ameongea ukweli.

Ukweli gani? Piga hesabu. Mia mbili mara watu watano ni elfu moja, kabla hujalipa nauli ya Kayole kwenda na kurudi, kabla mtoto hajaona mashua akaanza kulia. Kwetu tulikuwa watatu. Krismasi mzee alikuwa anatupeleka, na pesa ya mashua ilikuwa ya wawili. Kila mwaka mmoja wetu alibaki kando ya ziwa ameshika soda za wengine, tukawa tunapokezana. Na bado hiyo ndiyo siku tuliyoingoja mwaka mzima! Mama anabeba chapati na ndengu, tunatandika leso, tunakula tukiangalia majengo ya tao. Picha tuliyopigwa na wale wapiga picha wa pale iko ukutani mpaka leo. Kukiwa na kiingilio, mzee angetupeleka wapi?

Tuje kwa hao wa kulala. Mwaka niliomaliza fomu foo nilikuwa mmoja wao. Natembea tao tangu asubuhi na bahasha ya vyeti, saa saba miguu imekufa. Sasa niambieni, tao unaketi wapi bila kununua kitu? Ukiingia mkahawani, weita anafika kabla hujavuta kiti. Ukisimama sana nje ya duka, soja anakuuliza una shida gani. Pale kwenye nyasi hakuna aliyeniuliza lolote, isipokuwa mhubiri wa lanchi aliyetaka kujua nikifa nitaenda wapi. Nikamwambia mimi hata jioni sijui nitaenda wapi.

Sidanganyi, sitetei uchafu. Kabla pafungwe 2021 kwa ukarabati, niliwahi kunyang'anywa simu nikikatiza pale jioni, na simu yenyewe nilikuwa bado nailipia. Kwa hivyo taa nataka. Walinzi nataka, vyoo safi nataka, mabenchi na maji ya kunywa pia. Lakini kodi tunalipa, hata mama mboga halali bila kukatwa. Mwenye mashua atoze, mwenye soda auze. Kuketi chini ya mti usinilipishe.

Halafu huyu selebu anaongea kama hiyo bustani iliota yenyewe. Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilitaka kujenga hapo jumba la orofa 60. Aliyesimama kupinga ni Wangari Maathai. Wabunge wakamcheka, shirika lake likafukuzwa ofisini, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuja na magodoro na mablanketi, wakagoma kula palepale kwenye ile kona tunayoiita Freedom Corner. Walikuja kukaa na kulala kwenye nyasi, selebu wangu. Polisi waliwapiga. Agosti 2010 katiba mpya ikazinduliwa pale, uwanja umejaa watu. Sasa wewe unataka mia mbili.

Na hii ndiyo imeniuma zaidi. Wasomaji wa zamani wa hii blogu mnakumbuka video yake ya kwanza, ile ya shati la kuazima? Angalieni vizuri nyuma yake. Ni ziwa la Uhuru Park. Dansa wake mmoja amelala kwenye nyasi, viatu viko kando, na hakuna aliyelipa hata shilingi kuingia.

Jumapili nampeleka mama, na safari hii mashua ni ya wote. Wewe ulipigwa picha yako mwaka gani pale? Andika hapo chini. Na kama wewe ni meneja wake, namba yangu unayo, piga.