Maoni: Mtoto asiyejua miti ya kwao atailindaje?

Mwaka jana nilinunua mbao za kutengeneza mlango. Muuzaji kwenye depo aliniapia kwamba ni libuyu, ule mti mwekundu unaotoka upande wa Mambasa na ambao kila fundi wa hapa Mashariki anausifu. Nililipa bei ya libuyu. Fundi alipopitisha randa mara mbili tu, wekundu wote uliondoka na ndani mbao ikawa nyeupe. Akaninusisha. «Ndugu yangu, libuyu ina harufu yake. Hii wameipaka rangi.»

Sikurudi kugombana. Ningesema nini, na mimi mwenyewe sikujua nilichonunua? Nimesoma hadi chuo kikuu, lakini nikiwekwa mbele ya miti kumi ya kwetu, ninaitambua mitatu tu: mwembe, mparachichi na mkaratusi. Nina hakika wasomaji wengi wa rika langu, hasa tuliokulia mjini, tuko sawa.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Mzee wa kijijini alisoma mti kama sisi tunavyosoma simu. Aliangalia kama majani yametoka mawili mawili, yakitazamana, au moja moja kwa kupishana. Alipapasa ukingo wa jani kuona kama ni laini au una meno. Alilifikicha na kulinusa. Alikwaruza ganda la mti kwa panga ili aone rangi ya ndani na utomvu unaotoka. Na kama mti ulikuwa mrefu mno, hakuhangaika na majani yaliyo juu, aliinama kuangalia chini. Libuyu, kwa mfano, huangusha matunda yenye ganda gumu kama mbao, yanayopasuka vipande vitano, na mbegu zake zina bawa moja la kupeperushwa na upepo. Ukiyakuta chini, umeshajua aliye juu.

Elimu hiyo ina kanuni moja kubwa: alama moja haitoshi. Chukua utomvu mweupe kama maziwa. Mvule unao, na ni mti wa mbao nzuri sana. Lakini na ule mmea wa vijiti vya kijani visivyo na majani ya kuonekana, ambao watu wengi wanaupanda kuwa uzio wa nyumba, unao pia, na maziwa yake yakiingia jichoni yanaunguza vibaya. Mtoto aliyefundishwa kutofautisha hivyo viwili hatacheza na uzio. Mvule wenyewe ni mjanja: mche wake una majani yenye meno ukingoni, lakini ukikomaa majani yanakuwa laini. Asiyejua anang'oa mche wa mvule akidhani ni kichaka tu.

Kuna watakaosema: watu wanakimbia vita, wanatafuta chakula, na wewe unatuletea habari za majani? Ninawaelewa. Lakini familia iliyokimbia inapika kwa nini? Kwa kuni na makala. Inajenga kibanda kwa nini? Kwa miti. Mkulima asiye na franka mfukoni anauza nini kulipia mtoto shule? Mara nyingi ni mti. Basi katika mambo ya maisha yetu ya kila siku, mti uko katikati, na asiyeujua ndiye anayedanganywa.

Mfano unaoniuma zaidi ni ule mti wa milimani ambao wataalamu wanauita Prunus africana. Unaota kwenye miinuko ya Kivu. Majani yake yanang'aa, yana meno madogo ukingoni, kikonyo chake mara nyingi ni chekundu, na ukifikicha jani unasikia harufu ya lozi chungu. Ganda lake ni jeusi na limepasuka pasuka. Ganda hilo linasafirishwa hadi Ulaya, ambako linatumika katika dawa za wanaume wenye uvimbe wa tezi dume. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES.

Mti huu unaweza kuvunwa na kuendelea kuishi, ukibandua ganda pande mbili tu zinazotazamana na kuacha pande nyingine mbili. Ukilibandua kuuzunguka mti mzima, umeua, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka hadi kwenye mizizi kupitia humo ndani ya ganda. Kijana anayetumwa porini bila kufundishwa hili anabandua lote ili apate kilo nyingi leo. Kesho mti umekauka, na yeye hana kazi. Na mwenye shamba asiyeujua mti huo anaukata kuni, wakati ulikuwa mali.

Wengine watasema siku hizi simu inatambua miti kwa picha. Inasaidia, sikatai. Lakini picha haina harufu, simu haikwaruzi ganda, na huko porini mtandao wenyewe uko wapi?

Elimu hii inchini ipo. Kule Yangambi, mkoani Tshopo, kuna hazina kubwa ya majani yaliyokaushwa, iliyoanza kukusanywa wakati wa Wabelgiji. Ipo pia vichwani mwa wazee wetu, kwa Kinande, Kihunde, Mashi na Kilega. Ya Yangambi imo kabatini, na ya wazee inazikwa nao kila mwaka.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Kila shule ya msingi ichague miti ishirini ya eneo lake. Mwalimu, badala ya kuchora jani ubaoni, atoke na watoto. Waalike mzee mmoja au mama mmoja anayejua dawa. Watoto waguse, wanuse, wakaushe majani katika daftari kuukuu, na chini ya kila jani waandike jina la lugha ya kwao, la Kiswahili kama lipo, na la kisayansi. Na mashirika yanayogawa miche yamwambie mkulima huu ni mti gani, na usipandwe wapi. Mkaratusi hauwekwi kando ya chemchemi, kwani unakunywa maji mengi.

Sisi wazazi tuanze nyumbani. Jumapili hii, muulize mtoto wako jina la mti ulio mbele ya nyumba. Akishindwa, na wewe pia ukishindwa, nendeni pamoja mkamuulize mzee wa jirani, angali yupo.