Reli yakaribia Ziwa Tanganyika: Baraka na Ubwari zitafuata njia ya Kigoma au ya Ujiji?

Mwezi wa nane 2025, Burundi na Tanzania zilizindua kazi ya kujenga reli mpya kutoka Uvinza, upande wa Tanzania, hadi Musongati, Burundi, penye madini ya nikeli. Ni zaidi ya kilometa 200, kwa gharama inayopita dola bilioni 2. Mpango hauishii Musongati. Reli inatazamiwa kuendelea hadi Gitega na Bujumbura, ivuke mpaka na kuingia Uvira, kisha ielekee Kindu, jimboni Maniema.

Kwa mvuvi wa Ubwari anayevuka na mtumbwi kupeleka samaki sokoni Baraka, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Lakini tukitazama ramani, inamhusu kuliko anavyofikiri.

Kati ya Uvira na Kindu kuna milima. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Itombwe vinapita mita 3,000. Treni haipandi mlima kama pikipiki. Wahandisi watakuwa na njia mbili: kutoboa milima kwa gharama kubwa, au kuizunguka kwa kusini. Njia ya kusini ndiyo inayofuatwa leo na Barabara ya Taifa namba 5, kupitia Baraka, Fizi na Lulimba, kabla ya kugeuka kuelekea Kabambare na Kasongo. Ni chaguo lipi litakalofanywa? Hilo ndilo swali ambalo wakaaji wa Fizi wana haki ya kuuliza sasa, si baada ya michoro kufungwa.

Illinois na Missouri

Familia nyingi za Fizi zina ndugu waliokimbia vita mwaka 1996, wakapita kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na leo wanaishi Texas, Kentucky au majimbo mengine ya Marekani. Historia ya majimbo hayo inaonyesha vizuri namna reli inavyoinua mji mmoja na kuuacha mwingine.

Mwaka 1850, St. Louis, katika jimbo la Missouri, ilikuwa na wakaaji karibu 78,000. Ilitajirika kwa meli za mto Mississippi. Chicago, katika jimbo jirani la Illinois, ilikuwa na watu 30,000 tu, kando ya Ziwa Michigan. Mwaka huohuo Serikali kuu ya Marekani iliipa Illinois zaidi ya hekta milioni 1 za ardhi ili kusaidia ujenzi wa reli. Mwaka 1856 treni zilizotoka Chicago zilikuwa zimeshapata daraja la kuvuka Mississippi. St. Louis ilipata lake mwaka 1874. Kufikia 1890, Chicago ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1, na St. Louis ilikuwa haijafika hata nusu ya hapo.

Chicago haikuliacha ziwa lake. Nguvu yake ilitoka pale meli na treni zilipokutana: nafaka na mbao zilishuka hapa, zikapanda pale.

Mfano ulio karibu zaidi

Hakuna haja ya kwenda Marekani kuona hayo. Katika karne ya 19, soko kubwa la Ziwa Tanganyika lilikuwa Ujiji. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilipofika ziwani mwaka 1914, haikuishia Ujiji bali Kigoma, kilometa chache tu kutoka hapo, kwenye ghuba yenye kina kizuri kwa meli. Leo bandari na stesheni viko Kigoma.

Upande wa Kongo, kampuni ya CFL ilifikisha reli kutoka Kabalo hadi Albertville, yaani Kalemie, mwaka 1915. Kalemie ikawa mji mkubwa wa pwani ya Kongo. Hata Uvira iliwahi kuwa na reli yake ndogo kuelekea Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, lakini ilifungwa kabla ya uhuru. Fizi haikupata kitu. Mwaka 1858, Burton na mwenzake Speke walipofika Ubwari, Burton aliandika kuwa ni kisiwa. Alikosea, maana Ubwari imeshikamana na nchi kavu. Lakini kwa upande wa barabara, miaka zaidi ya 160 baadaye, Ubwari bado inaishi kama kisiwa.

Ardhi ni ya nani?

Kuna upande mwingine wa somo la Marekani, na ni mchungu. Makampuni ya reli yaligawiwa na Serikali kuu zaidi ya hekta milioni 50, sawa na karibu moja ya tano ya ardhi yote ya Kongo. Sehemu kubwa ilikuwa nchi ya wenyeji wa asili, ambao walisukumwa pembeni. Cheyenne, mji mkuu wa Wyoming, ulizaliwa mwaka 1867 kwa sababu reli ilipita hapo, na mwaka uliofuata Wyoming ikawa eneo rasmi la utawala.

Kongo inaujua mchezo huo. CFL ilipoundwa mwaka 1902, ilipewa haki juu ya hekta milioni 4. Leo, sheria ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na familia nyingi za Fizi zinalima mihogo kwa haki ya desturi, bila karatasi yoyote. Katika eneo ambalo migogoro ya ardhi imeshamwaga damu kati ya jamii, tangazo la reli laweza kuleta wanunuzi wa viwanja kabla ya kuleta hata msumari mmoja wa reli.

Kwa hiyo wabunge wa Fizi, wa jimbo na wa taifa, wana maswali matatu ya kupeleka kwa serikali ya jimbo na Kinshasa. Reli ya Uvira–Kindu itapita wapi? Iwapo haitapita Fizi, Baraka itapata bandari ya kweli ya kupakia samaki na mihogo kuelekea treni za Kigoma na Uvira? Na mashamba yaliyo kwenye njia yatapimwa na kuandikwa kwa majina ya nani, kabla ya fidia kuanza kuhesabiwa?

Bila usalama, hakuna mhandisi atakayepima njia kati ya Uvira na Lulimba. Hilo ni sharti la kwanza. Lakini amani ikifika na kukuta maswali hayo bado hayajaulizwa, majibu yatakuwa yameshatolewa na watu wengine. Ujiji haikushindwa vita. Reli ilichagua ghuba ya jirani, na hiyo ilitosha.